Edah Kemunto na Kazi Aliyoianza Akiwa na Miaka Hamsini na Mitano

Kwa mchungaji na waumini wa hapa Mokowe, kwa masheikh na majirani waliokuja kusimama nasi, kwa ndugu waliosafiri siku mbili kutoka Nyamira na Bungoma, na kwa watu wa Kizingitini mliovuka maji leo asubuhi, familia inawasalimu nyote, na inawaomba mketi penye kivuli, kwa sababu maisha ya Edah hayakwenda kwa mstari mmoja na hayawezi kusomwa kwa haraka.

Edah Kemunto alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, kwenye vilima vya majani chai huko Nyamira, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, baba yake akiwa karani wa kiwanda cha chai na mama yake mkulima. Alianza shule ya msingi mwaka 1971, akaingia sekondari mwaka 1978, na tangu akiwa darasa la sita majirani walikuwa wakimwita awaandikie barua za kwenda kwa watoto wao waliokuwa mijini, kwa sababu, kama alivyosema mama yake, barua ya Edah ilikuwa haikosi kujibiwa. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1984, akahitimu mwaka 1987 katika sayansi ya jamii.

Januari 1988 aliajiriwa na kampuni moja ya bima jijini Nairobi, akianza kama karani katika ofisi ya wafanyakazi, akapanda hatua kwa hatua, na mwaka 2007 akawa mkurugenzi wa wafanyakazi, mwenye ofisi ghorofa ya saba na watu mia nne ambao ajira zao zilipitia mezani pake. Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na Wanyama, mwalimu wa jiografia, mtu mpole ambaye mnamwona hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto wawili, Wafula aliyezaliwa mwaka 1992 na Quinter aliyezaliwa mwaka 1995. Alikuwa mama mkali wa daftari na laini kwa kila kitu kingine.

Novemba 2016 kampuni ilitangaza kupunguza watu, na bodi ikamtaka Edah aandae orodha. Aliiandaa kwa wiki tatu, akaandika barua moja nzuri, ya heshima, ambayo ingebadilishwa jina tu, na Ijumaa ya tarehe 25 akatia sahihi nakala sitini na moja. Jumatatu iliyofuata alikuta bahasha juu ya meza yake mwenyewe. Aliifungua, akaona ni barua ileile, maneno yaleyale aliyoyachagua, na jina lake juu. Wanyama anasema siku ile alirudi nyumbani saa sita mchana, akaketi jikoni na koti mwilini, akamwambia, "Nimeisoma mara mbili. Haina kosa hata moja."

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa miaka miwili na ushei alitafuta kazi. Familia imeona tusiipite sehemu hii kwa kuionea haya, kwa kuwa wengi mlioketi hapa mmeipitia au mna ndugu anayeipitia sasa. Alimwendea mshauri wa ajira aitwaye Kariuki, kijana mwungwana, ambaye alimweleza kwamba kazi za ngazi yake hazitangazwi tena, zinapita kwa watu wanaojuana, kwamba makampuni siku hizi yanawachukua wakubwa kwa mkataba wa miezi sita badala ya kuwaajiri, na kwamba wasifu wake wa kurasa tisa upunguzwe uwe kurasa mbili, mwaka wa kuzaliwa uondolewe, na juu yake aandike kuwa yeye ni mtaalamu wa mageuzi. Edah alimuuliza, "Mageuzi gani?" Kariuki akamjibu, "Mama, hilo hawaulizi."

Basi aliandika, akapaka nywele rangi nyeusi, akajifunza kujitangaza mtandaoni kwa picha yenye tabasamu ambalo hatukulitambua. Alituma maombi zaidi ya themanini. Kuna usaili mmoja ambao hakukuwa na mtu upande wa pili, ni kompyuta tu inayotoa swali na kuhesabu sekunde, naye alivaa koti la suti juu na leso chini, akajibu vizuri sana mpaka Wanyama alipopita nyuma yake na birika la chai, na jibu la kukataliwa likafika baada ya dakika kumi na nne. Tulicheka siku ile, naye alicheka pamoja nasi, lakini mwezi uliofuata aliacha kwenda kanisani, kwa sababu kila Jumapili mtu alimshika mkono na kumuuliza, "Siku hizi uko wapi?", naye hakuwa na pa kutaja.

Februari 2019 alipata ujumbe wa simu kutoka kwa Bi Mardhiya, mzaliwa wa Kizingitini, ambaye zamani alikuwa mpokea wageni katika tawi la Mombasa la kampuni ile ile, na ambaye alikuwa mmoja wa wale sitini na mmoja. Bi Mardhiya aliandika kwamba amerudi kwao kisiwani Pate, kwamba ni katibu wa ushirika wenye kiwanda kidogo cha barafu ya kuhifadhia samaki na kamba koche, na kwamba ushirika unatafuta meneja. Edah alidhani anachezewa shere. Alikaa na ujumbe ule siku nne, halafu akauliza, "Maombi yanatumwaje?", akajibiwa, "Yaandike kwa mkono, wazee wanapenda kuona mwandiko."

Wafula alimpigia simu akamwambia, na leo ameturuhusu tuyaseme maneno yake, "Mama, ulikuwa na ghorofa nzima chini yako, sasa unakwenda kuuza barafu?" Edah akamjibu, "Siendi kuuza. Nakwenda kuhakikisha haiyeyuki."

Usaili ulifanyika Jumanne, tarehe 12 Machi 2019, kwenye chumba cha ushirika, mbele ya wajumbe saba na mwenyekiti wao, Bwana Abdulwahid. Edah alikuwa amefika akiwa mgonjwa wa mawimbi, viatu mkononi. Bwana Abdulwahid hakumuuliza lolote kuhusu Nairobi, alimuuliza jambo moja tu: "Bi Edah, kamba akifa ndani ya kreti, ana saa ngapi kabla hajaharibika?" Kwa miaka miwili Edah alikuwa amefundishwa kutokosa jibu, na mwenyewe alitusimulia kwamba aliwatazama wale wazee, akahisi kuchoka kwa namna ambayo hakuwahi kuchoka, akasema, "Sijui, Bwana Abdulwahid. Nikifundishwa leo, kesho sitauliza tena." Mwenyekiti akawageukia wenzake akasema, "Watatu walokuya kabla yake wote walijua, na kila mmoja kwa saa zake." Akaajiriwa siku hiyohiyo, siku mbili kabla ya kutimiza miaka hamsini na mitano.

Ijumaa ya kwanza Bi Mardhiya alimwalika kwake, akampakulia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na walipomaliza kunawa akamwambia, "Barua yangu uliitia sahihi wewe." Edah akasema, "Niliitia. Orodha niliipanga kwa namba za kazi, majina sikuyasoma, nilitia sahihi tu." Bi Mardhiya akasema, "Basi hukulisoma langu." "Sikulisoma." "Mardhiya binti Athman. Miaka kumi na moja nilifungua mlango ule." Edah alilitamka jina lile lote, akaomba radhi, akilia, kisha akauliza swali lililokuwa likimkereketa tangu Februari, kwamba kati ya watu wote kwa nini alimtafuta yeye. Bi Mardhiya akamwambia, "Tulikuwa tunaandikia wakubwa miaka mitatu watuletee umeme wa uhakika, hakuna anayejibu. Nikamkumbuka mtu ninayemjua ambaye barua yake moja tu ilinitoa Mombasa." Wakacheka mpaka majirani wakaja mlangoni. Umeme wa uhakika ulifika kiwandani Oktoba 2020, baada ya barua tisa.

Edah alipanga chumba Kizingitini, na mwisho wa wiki akivuka kuja hapa Mokowe, ambako Wanyama alihamia mwaka 2020 baada ya kustaafu. Mwezi wa Ramadhani alikuwa hali mbele ya wafanyakazi wake, ingawa hakuna aliyemwomba hivyo, na futari ilimfuata chumbani kutoka nyumba nne au tano, hata alinenepa kuliko miezi mingine. Watoto walimwita Mama Barafu. Aliacha kupaka nywele rangi, na mvi zikamtoka zote kwa pamoja, akapendeza.

Juni 2021 mashine ilizimika mchana kutwa bila mtu kugundua, na samaki wa mashua sita wakaharibika. Aliyekuwa zamu ni Bwana Jeilani, mtu wa makamo, baba wa watoto watano, na kamati kwa hasira ikaamua aachishwe, barua ikaandikwa, ikaletwa kwa Edah atie sahihi. Aliikunja akaitia mkobani, akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Jeilani. Alimkuta barazani ameikaribisha pakiti ya dawa hadi puani, akimwita binti yake amsomee. Edah akaketi chini kando yake, akamuuliza, "Jeilani, geji ya mashine unaiona?" Jeilani akasema, "Nikiikaribia naiona. Lakini mashine ikipata moto siwezi kuikaribia." "Tangu lini?" "Tangu mfungo wa mwaka jana." "Mbona hukusema?" Jeilani akamjibu, "Bi Edah, mtu akisema haoni, ni nani atakayempa mashine?"

Edah alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa amefuta mwaka wake wa kuzaliwa kwenye karatasi themanini. Alirudi kwa kamati akaweka ile barua mezani, akawaambia kwamba anayeona inafaa aitie sahihi mwenyewe, kisha aende akampe Jeilani mkononi, nyumbani kwake, mbele ya watoto. Bwana Abdulwahid aliisoma, akaichana. Wiki ile Jeilani alipelekwa Lamu mjini kupimwa macho, akarudi na miwani, na geji kubwa zaidi ikafungwa ukutani, na tangu wakati huo mashine haijawahi kuzimika bila yeye kujua.

Habari zake zilienda mbali, na wakubwa waliopoteza kazi wakawa wanampigia simu kutoka Nairobi na Nakuru, wakimuuliza alipitia kwa nani. Aliwasikiliza wote. Alikuwa akiwaambia waache kuandika vyeo walivyoshika, waandike wanachoweza kufanya kesho asubuhi, na wengine waliudhika, na wawili tunaowajua walipata kazi, na mmoja alikuja Kizingitini kumtazama, akasema hataweza, akarudi.

Agosti 2024 Edah alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili, na tarehe 3 Oktoba, Mombasa, aliambiwa kuwa ana kansa ya kongosho. Aliuliza maswali yake, akashukuru, akaomba arudi nyumbani. Kamati ilitaka kumpa Bi Mardhiya umeneja moja kwa moja, lakini Edah alishikilia kwamba asailiwe kama watu wengine, na usaili huo ukafanyika hapa sebuleni, wajumbe wakiwa kwenye viti vya kuazima na yeye amejilaza kochini, akiuliza maswali magumu kuliko wote. Bi Mardhiya alimwambia wazi, mbele ya wote, "Umenifukuza mara moja, usinifukuze ya pili." Alishinda kwa haki, na tarehe 1 Januari 2025 akakabidhiwa funguo.

Edah Kemunto alituacha Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, Wanyama akiwa ameshika mkono wake wa kulia na Quinter wa kushoto, akiwa na miaka sitini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mombasa na wa hapa Lamu kwa kumwambia ukweli kwa upole, majirani wa Mokowe ambao tangu Jumapili hawajaturuhusu kuwasha jiko, mchungaji aliyekuja bila kuitwa, Bwana Kariuki aliyesafiri kutoka Nairobi, na wafanyakazi wa kiwanda, ambao walileta nahodha na mashua kila alipotakiwa kwenda hospitali, hata bahari ilipokuwa chafu.

Siku ya Jumatano tuliketi kuamua maneno ya msalaba. Baadhi ya ndugu walipenda aandikwe mkurugenzi, kwa kuwa alikishika cheo hicho miaka tisa na ni heshima ya ukoo. Mwalimu Wanyama, ambaye hupenda wengine waseme, aliomba kalamu, akaandika yeye mwenyewe, na fundi ameyachonga kama yalivyo, nanyi mtayaona sasa hivi tukifika kaburini: Edah Kemunto, Meneja, Kiwanda cha Barafu, Kizingitini.

Lala salama, mama yetu, umefika.