Zaïnati Ousseine na Menyu Iliyokataa Kujitenga

Ndugu na majirani, kabla hatujambeba dada yetu, nipeni masikio kidogo. Mimi ni Djaffar, mdogo wake.

Bi Zaïnati Ousseine alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa Mutsamudu, mji wa kale wa Nzwani, mtoto wa kwanza wa Mwalimu Ousseine na Bi Zahiya. Alihitimu Kurani chuoni kwa baba, akasoma shule ya msingi na sekondari mjini, na mwaka 1981 akaenda Antananarivo kusomea kompyuta. Wazee walimuuliza hiyo ni kazi gani. Akasema, "Ya kuwasaidia watu wasipotee." Hawakuelewa, lakini walimwombea dua.

Mwaka 1986 aliajiriwa Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu vya Komoro, kutengeneza programu za zahanati. Kilichomtia wazimu, wazimu kweli, ni menyu: yale maneno ya kwenye skrini unayobofya ili kazi ifanyike. Alitaka kila neno likae palepale katika kila ukurasa, na mgeni alielewe bila kuuliza. Ukilihamisha bila sababu, utakiona cha moto!

Agosti 1990 aliolewa na Bwana Anli wa Moroni, katika nyumba aliyojengewa na mama kwa desturi yetu. Bibi harusi, liwa la msandali limempakwa usoni, badala ya kutulia akawagawia shangazi zetu vipande vya karatasi vilivyoandikwa Sajili, Tafuta, Hifadhi, Chapisha, Futa. "Pangeni yanayokwenda pamoja!" Shangazi mmoja akaichukua Futa, akaitupa mwisho wa mkeka. "Hicho ni kisu, mwanangu. Hakikai na vijiko." Zaïnati aliruka kwa furaha mpaka liwa likapasuka. Tangu siku hiyo Futa ilikaa peke yake, chini kabisa.

Kisha visiwa vikagombana, Nzwani yetu ikajitenga na Moroni. Aprili 1999, Moroni ilipochafuka na watu wa Nzwani wakafukuzwa mitaani, alirudi nyumbani na mumewe. Kliniki moja ya binafsi mjini ilikuwa ikitumia programu yake, ila mwenye kliniki, Toihir, alikuwa ameigeuza menyu ili isifanane na ya Moroni. Futa akaiweka pale palipokuwa na Hifadhi! Wallahi, hata menyu nayo ijitenge! Zaïnati alimwonya. Toihir akajibu, "Nikiirudisha nitaitwa msaliti."

Oktoba ile mke wangu Kaltoum alijifungua, damu ikakataa kukatika. Muuguzi, naye kakimbia kutoka Moroni, alifungua taarifa za Kaltoum ili aongeze maelezo, na mkono ukaenda ulikozoea kuikuta Hifadhi, ukabofya Futa. Kundi lake la damu, ndugu wa kumchangia, vyote vikapotea. Dawa za kupimia upya hazikuwapo, maana meli zilikuwa haziji. Nililia mbele za watu. Zaïnati alifika mbio, shiromani yake ya kujitanda imeanguka mabegani. Kumbe ndani ya programu aliweka kapu ambamo kilichofutwa husubiri kabla ya kutupwa. Akavitoa! Damu ikapatikana, Kaltoum akapona.

Akamgeukia Toihir: "Jitengeni na mnayemtaka, lakini Futa haihami! Akiuliza mtu, mlete kwangu." Menyu ikarudishwa siku hiyohiyo. Na kweli walikuja kumhoji, wenye bunduki wa upande wa kujitenga. Dada yangu aliwakalisha mkekani, akawapa vile vipande vya karatasi wapange. Wote waliitupa Futa mbali, wakanywa chai, wakaondoka.

Februari mwaka huu figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa hospitali ya Hombo hapa mjini, kisha akapelekwa Moroni, ambako alifariki Jumanne, tarehe 9 Oktoba 2001, mumewe akiwa pembeni yake, naye ndiye aliyemrudisha kwetu. Mpaka wiki ya mwisho aliwasumbua wauguzi kwa maswali juu ya skrini zao.

Hakujaliwa kuzaa. Ameacha mama yetu, mumewe Anli, mimi na Kaltoum, na binti yetu Zaitoun, yule aliyezaliwa Oktoba ile, wa miaka miwili. Ndiye huyo mnayemsikia akipiga kelele uani. Naomba mtu yeyote asimnyamazishe, kwani anamwita mama yake, na kuwa na mama wa kumwita ni kazi ya shangazi yake.

Mola amlaze dada yetu kwa amani.