Dkt. Sylvanus Khaemba na Kiti Kilichomzidi Cheo

Mnamo tarehe 10 Oktoba 2022, Baraza la Chuo lilitamka rasmi kwamba, kuanzia mwaka huo wa masomo, Kiswahili kitakuwa lugha ya shughuli zote za Chuo sambamba na Kiingereza, na kwamba kila mtumishi aliyeitumikia lugha hiyo atatambuliwa na kuenziwa kwa lugha hiyohiyo. Tamko lilichapishwa ukurasa wa mbele wa jarida la watumishi, juu ya tangazo la bima mpya ya matibabu na chini ya picha ya Makamu wa Chansela akipanda mti. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza. Aliyeombwa kulitafsiri, na ambaye maneno yake ndiyo mliyoyasikia hivi punde, ni Dkt. Sylvanus Khaemba, ambaye tumekusanyika hapa kumuaga.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963 katika nyumba za reli za Nsambya, hapa Kampala, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Wabwile, mwongoza ishara za treni, na Mama Nekoye. Katika nyumba zile Wajaluo walikaa upande mmoja, Waluhya upande wa pili, Wanubi nyuma ya uzio, na bomba la maji lilikuwa moja kwa wote. Marehemu alipenda kusema kwamba Kiswahili hakufundishwa na mtu. Alikiokota kwenye foleni ya maji, mahali ambapo asiyeweza kujieleza upesi alirudi nyumbani na ndoo tupu. Mwishoni mwa mwaka 1970, wafanyakazi wa Kenya walipotakiwa kurudi kwao, familia ilipanda treni ikahamia Kimilili, magharibi mwa Kenya. Mtoto wa miaka saba aliambiwa kwamba sasa yuko nyumbani. Aliuliza bomba liko wapi.

Alisoma shule ya msingi na ya sekondari hukohuko Kimilili, akapata shahada ya kwanza Nairobi mwaka 1987, ya uzamili Dar es Salaam mwaka 1991, na ya uzamivu hukohuko Dar mwaka 2003. Mwaka 1992 alirudi Kampala kufundisha Kiswahili chuoni. Wenzake walimwona amechanganyikiwa. Enzi hizo mtu wa Kampala akisikia Kiswahili alishika kwanza mfuko wake, halafu akatafuta mlango, kwa sababu wengi walikuwa wamekisikia mara ya mwisho kwa askari kwenye kizuizi cha barabarani. Darasa lake la kwanza lilikuwa na wanafunzi wanne, na mmoja wao alikuwa amekosea chumba. Huyo wa kukosea chumba alibaki mpaka akahitimu.

Mwaka uliofuata alianza kula chakula cha mchana katika mgahawa mdogo wa samaki wa Kabalagala, wa binti aitwaye Rosalba Akeyo, aliyekuwa ametoka Kisumu kujaribu biashara. Kwa muda mrefu hakusema chochote pale zaidi ya "samaki na ugali". Hatimaye mwenye mgahawa alisimama mbele ya meza yake akamwambia: "Wewe mwalimu, unakuja kula ama unakuja kunitazama? Maana kutazama pia nalipisha." Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994, wakajaliwa watoto wawili, Nabangala na Khisa. Mgahawa upo hadi leo, na jedwali la bei ukutani limeandikwa kwa Kiswahili kisicho na dosari hata moja, jambo ambalo wateja hawajawahi kulilalamikia wala kuligundua.

Kuhusu kazi yake, tuanze na kiti. Ndugu waombolezaji ambao hawajapata kuajiriwa na chuo kikuu wafahamishwe kwamba huko cheo huonekana kwenye samani. Mhadhiri hupewa kiti kisicho na mikono. Mhadhiri mwandamizi hupewa kiti kisicho na mikono, lakini chenye sponji. Ukifika profesa mshiriki, kiti kinaota mikono, na pamoja nayo huja pazia, nafasi ya kuegesha gari, na likizo ya utafiti. Marehemu alipandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi mwaka 2006, akapata sponji, na hapo ndipo safari yake ya vyeo ilipokaa. Gari hakuwa nalo na dirisha la ofisi yake lilitazama ukuta, hivyo maegesho na pazia hayakumsumbua. Mgongo ndio ulimsumbua.

Mwaka 2015 alikibeba kiti hicho juu ya bodaboda hadi Katwe, kwa fundi chuma Ramathan, ambaye wazee wake na wazee wa marehemu waliteka maji bomba moja kule Nsambya. Fundi alikizunguka, akakitikisa, akasikitika.

"Mwarimu, mtu msomi namna hii wanamukarisha kama mugeni?"

"Ndiyo cheo changu, Ramathan."

"Cheo wacha huko. Mimi natia mikono."

Akatia mikono ya chuma, imara kama ya lango, akaipaka rangi nyeusi. Haukupita muda mrefu, Bi. Alum wa Ofisi ya Mali za Chuo alipita kukagua samani, akasimama mlangoni.

"Dokta, hiki kiti chako kimepanda cheo."

"Kimenitangulia, mama. Mimi nakuja nyuma yake."

Bi. Alum alicheka, na kwa kuwa kanuni zilikataza mtumishi kupunguza mali ya Chuo lakini hazikusema kitu kuhusu kuiongeza, aliondoka. Bi. Alum yupo nasi leo, na tunamshukuru.

Tamko la mwaka 2022 lilipotoka, mtu wa kwanza kulichukulia kwa uzito alikuwa Zubaida Mubaraka, binti wa Kibuli, mpwa wa huyo fundi Ramathan. Zubaida alikuwa amekusanya mazungumzo ya mafundi chuma wa Katwe, na alitaka kuandika tasnifu ya uzamivu kuhusu lugha yao, kwa Kiswahili. Chuo kilimsajili kwa shangwe. Picha yake ilitoka kwenye jarida. Kilichobaki ni sharti moja: msimamizi mkuu wa tasnifu ya uzamivu lazima awe angalau profesa mshiriki. Katika fani nzima ya Kiswahili hapakuwa na mtu wa cheo hicho. Aliyekaribia ni marehemu, na marehemu angetimiza umri wa kustaafu tarehe 14 Agosti 2023. Asipopanda cheo kabla ya siku hiyo, Zubaida angelazimika kuiandika kazi yake upya kwa Kiingereza, awaeleze mafundi wa Katwe kwa lugha ambayo wao wenyewe wasingeweza kumsuta nayo. Marehemu, ambaye kwa miaka mingi hakuomba kitu, aliomba kupandishwa cheo wiki hiyohiyo.

Kamati ya vyeo ilikuwa na watu waadilifu, na hakuna hata mmoja wao aliyesoma Kiswahili. Kwa mujibu wa kanuni, kazi za mwombaji hufutwa jina na kupelekwa kwa mtaalamu aliyemo kwenye orodha ya wathamini, ili azipime bila kujua ni za nani. Kamati ilifungua orodha, ikatafuta mtaalamu wa Kiswahili, ikamkuta mmoja, ikamtumia kazi hizo. Mwezi Januari 2023 tarishi alipanda ngazi na bahasha nzito, akaiweka juu ya meza ya Dkt. Sylvanus Khaemba. Ndani mlikuwa na kitabu chake na makala zake tatu, jina likiwa limepakwa wino mweusi kwa uangalifu mkubwa, pamoja na ombi kwamba, kwa heshima na taadhima, aseme kama mwandishi huyu asiyejulikana anafaa kuwa profesa mshiriki.

Alizisoma zote upya. Kisha akazibeba hadi mgahawani, akaziweka kando ya bakuli la samaki, akawasimulia Rosalba na Zubaida. Rosalba alicheka hadi akakaa chini. Alipomaliza kucheka akasema, "Sasa Baba Nabangala, shida iko wapi? Sema huyo mtu anafaa. Si unamjua kuliko sisi wote?"

"Ndiyo shida yenyewe, mama. Namjua."

"Na unamwona aje?"

"Makala ya pili ni dhaifu. Kwa hizo nyingine anafaa."

"Basi andika hivyohivyo! Hiyo ni uongo?"

"Si uongo."

"Umewaomba wakuletee?"

"Sikuomba."

Rosalba akamgeukia Zubaida. "Na wewe mtoto, umenyamaza nini? Hii kitu ni yako."

Zubaida akasema, "Mama, mimi nikifungua mdomo nitamwambia atie sahihi. Ndiyo maana nakula."

Bahasha ilikaa juu ya kabati la vyombo wiki nzima. Waliokuwa karibu naye wanakumbuka kwamba wiki hiyo hakumtania mtu. Alijua kamati isingegundua, na alijua kwamba aliyekuwa anaugharimia uadilifu wake si yeye mwenyewe, bali msichana aliyeketi meza ya pili ya mgahawa. Siku ya nane aliirudisha bahasha na maelezo mafupi: anamfahamu mwandishi, hawezi kumpima bila kumpendelea wala bila kumwonea, na hawa hapa wataalamu watatu wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar wanaoweza kumpima. Kamati iliandika kwamba mthamini amekataa kazi, ikaahirisha ombi la mwombaji hadi kikao cha Novemba, na ikamwandikia mthamini kusikitikia kukosa kwake ushirikiano. Barua zote mbili, ya mwombaji na ya mthamini, aliletewa siku moja.

Alistaafu tarehe 14 Agosti akiwa na sponji. Siku ya kukabidhi ofisi, Bi. Alum alirudi na orodha yake, safari hii akiwa hana raha. "Dokta, nisamehe. Kiti ni cha Chuo. Lakini mikono siioni kwa orodha. Nikiichukua, nitakuwa nimechukua mali ya mtu." Akaitwa Ramathan. Akaja na msumeno, akaikata mikono mbele ya mashahidi, kiti kikarudi kwenye cheo chake, na marehemu akatia sahihi kwamba amepokea mikono miwili. Alishuka nayo ngazi, mmoja kila kwapa. Hivyo ndivyo alivyoondoka kazini.

Zubaida hakuandika upya. Profesa Ambroise wa idara ya Kifaransa, ndugu yetu wa kutoka Bukavu, ambaye Kiswahili ni lugha ya kwao na uprofesa anao, alisikia kisa chenyewe akafika Kabalagala bila kualikwa. "Mimi naweka sahihi, weye unasoma," alimwambia marehemu. "Na kama watauliza, mimi ndiye msimamizi. Sijasema nasimamia nani." Tangu hapo kila Alhamisi, baada ya wateja wa mchana kutoka, meza ya pili ikawa chumba cha semina.

Tarehe 3 Machi 2024, Jumapili asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu aende kanisani, marehemu alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulilala. Maneno yalirudi polepole, Kibukusu cha wazazi wake kwanza, Kiswahili baadaye, na Kiingereza, alivyosema mwenyewe, kikachelewa kwa sababu kilikuwa kinatafuta maegesho. Alikuwa hawezi kuinuka kitandani bila kuinuliwa na watu wawili, na jambo hilo lilimuumiza kuliko maradhi yenyewe. Ramathan alikuja kumtazama, akauliza ile mikono iko wapi. Ilikuwa chini ya kitanda. Akaifunga ukutani kwa parafujo, mmoja karibu na mto, mwingine bafuni, akaivuta kwa uzito wake wote kuijaribu. "Sasa simama, Mwarimu. Hapa hakuna mutu wa kukagua." Marehemu alisimama. Kuanzia siku hiyo hadi mwezi wa mwisho wa maisha yake aliinuka mwenyewe.

Sura za tasnifu aliendelea kusomewa akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa kushoto ukiwa umeshika chuma. Tarehe 19 Juni 2025 Zubaida aliitetea kazi yake kwa Kiswahili, mbele ya jopo ambamo wawili walikuwa wamesafiri kutoka Dar es Salaam na Nairobi, na mafundi kumi na kitu wa Katwe wakiwa wamejaa kwenye viti vya nyuma na mafuta yao mikononi. Marehemu alisikiliza kwa simu. Zubaida alipompigia jioni kumwambia kwamba amefaulu, alimpongeza, halafu akasema sura ya nne bado ni ndefu.

Mwezi Septemba alipatwa na kiharusi cha pili. Alilazwa hospitali ya Kibuli, ambako wauguzi walimhudumia kwa upendo, nasi tunawashukuru, na akafariki dunia alfajiri ya Jumanne, tarehe 21 Oktoba 2025, mkewe akiwa pembeni. Atazikwa kesho Kimilili, kando ya wazazi wake.

Ameacha mjane, Mama Rosalba Akeyo, watoto wawili, Nabangala na Khisa, mjukuu mmoja anayeitwa Wabwile, dada yake mkubwa aliyeko Kimilili, Profesa Ambroise, fundi Ramathan, na Dkt. Zubaida Mubaraka, ambaye kwa hati si mwanafunzi wake. Ameacha pia mikono miwili ya chuma, ambayo mjane amekataa ing'olewe.

Bwana amkalishe mahali panapomstahili, naye apumzike.

Mwakilishi wa Makamu wa Chansela sasa atasoma salamu za rambirambi za Chuo. Zimeandikwa kwa Kiingereza. Dkt. Zubaida ameombwa kuzitafsiri.