Chupa ya Mvunguni

Benchi hilo liko ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, pale njia mbili zinapokutana, na mguu wake mmoja umeegemezwa tofali. Wanaolikalia kila alasiri ni wale wale: kinyozi mwenyewe, akikosa kichwa cha kunyoa, fundi saa aitwaye Dakika, ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati, na Breki, dereva mstaafu wa lori, ambaye katika vyote alivyoendesha ni mdomo wake tu uliomshinda kusimamisha. Muuza kahawa huja na buli lake, akamimina, akasikiliza, akacheka. Hapo huamuliwa mambo ya dunia nzima, na dunia haipewi taarifa.

Ijumaa hiyo kinyozi alikuja na chupa aliyoiviringishia taulo la kazini, akaipakata kama mtoto mchanga. Ilikuwa ya mvinyo mwekundu wa Kitaliano, Barolo, aliyopewa siku ya harusi yake na Mtaliano mmoja aliyekuwa akinyolewa kwake. Mtaliano yule alimwambia wasiifungue kwanza. Wailaze ubavu mahali penye giza, waje kuinywa ndoa ikitimiza miaka ishirini na mitano. Kinyozi akailaza mvunguni mwa kitanda. Tangu hapo wamehama nyumba tatu, na mara zote tatu chupa ilibebwa mikononi na mkewe, haikupakiwa pamoja na vyombo.

Na siku yenyewe ilikuwa leo. Miaka kumi ya ndoa ilipotimia, kinyozi alisahau mpaka giza likaingia. Ya ishirini ikamkuta safarini. Safari hii aliapa hatateleza, akamwambia mkewe, fundi cherehani wa mtaa huo huo, avae vizuri jioni. Lakini kadiri jua lilivyoinama ndivyo wasiwasi ulivyompanda, kwa sababu tangu azaliwe hajafungua mvinyo, wala hajui unaandaliwaje. Akaona heri aulize. Kosa lake ni kuliuliza benchi.

Dakika alianza. Alieleza kwamba mvinyo ukikaa huzidi nguvu mwaka hadi mwaka, na huu kwa umri wake ungeweza kuwasha jenereta. Mtu akiunywa mkavu, asubuhi atajikuta ameoa tena.

— Wahenga hawakukosea, alisema. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa hiyo ukitaka mvinyo wako usifiwe, utie maji.

Breki hakukubali. Yeye aliwahi kusafirisha makasha ya mvinyo siku nne mfululizo, na alijionea kwamba kilichomo chupani ni kitu hai. Hulazwa kwa sababu kinalala. Ukikiamsha ghafla kinakasirika, kinageuka siki. Aliwahi hata kukisikia kikikoroma nyuma ya lori. Muhimu ni kukiamsha kwa adabu, na kisha kukipasha moto kidogo. Hapo akaichukua chupa, akaiinua juani, akaona chembe nyeusi zikizunguka ndani.

— Vyaelea, vimeundwa, alisema kwa uhakika. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Inatakiwa itikiswe, ichanganyike.

Muuza kahawa alisema kwamba kwenye buli lake mashapo hukaa chini, na hajaona mtu akilitikisa. Hakuna aliyemsikiliza, maana yeye ndiye pekee aliyekuwa kazini.

Breki alikuwa ameshaanza kuiinamisha chupa kinyozi akikodoa macho, aliposimamishwa na sauti ya mwanamke.

— Kaka, usiitikise.

Alikuwa mama mmoja mstaafu, aliyehamia mtaani mwezi ule ule. Alikuja kufuata saa yake kwa Dakika, kwa mara ya tatu. Alisema alikuwa mhudumu katika ukumbi wa chakula wa hoteli kwa miaka thelathini na mmoja, na chupa kama ile amezifungua, japo si nyingi. Aliipokea kwa mikono miwili, akasoma karatasi yake, akahesabu: miaka ishirini na minane tangu zabibu zichumwe. Zile chembe, akasema, si dawa wala sumu. Ni mashapo, tena machungu. Chupa isimamishwe wima siku mbili yatulie chini, ndipo ifunguliwe.

— Siku ni leo, dada, ndoa inatimiza ishirini na mitano, kinyozi alisema.

— Mwenzio anasemaje?

Kinyozi hakuwa amemuuliza. Aliagizwa na wote aende akamuulize. Alitembea hadi kwenye chumba cha ushonaji kama mtu anayepeleka msiba, akaeleza yote huku mkewe akiwa na pini midomoni. Mkewe akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

— Ulikaa miaka mitatu ndipo ukaja kuniposa, alisema. Siku mbili ndizo zitanishinda?

Kisha akaongeza kwamba wao wawili hawataimaliza chupa nzima. Wale wa benchi wameshinda na mumewe siku nyingi kuliko yeye, basi wanywe nao Jumapili, ila waje wameoga. Jioni ile alivaa vizuri hivyo hivyo. Walikula taratibu, wakacheka, chupa ikiwa imesimama juu ya kabati kama mgeni asiyeketi.

Jumapili alasiri wote waliwahi bencheni, hata Dakika. Yule mama mhudumu alikuja na glasi sita zenye matumbo mapana, zimefungwa kwenye magazeti. Aliagiza chupa ikae kwanza kwenye beseni la maji, wima vile vile, kwani mvinyo ule hautaki friji wala jua. Ubaridi wake uwe kama wa maji ya mtungini. Kisha akazungusha chuma chake cha msokoto, cha kuzibulia, ndani ya kizibo, akavuta. Kizibo kikakatika katikati.

Kinyozi alimshika mkewe mkono. Mhudumu aliingiza chuma tena, kwa upande, pole pole, na nusu iliyobaki ikatoka bila kudondosha hata punje. Akainusa. Akaitikia kwa kichwa.

Alimimina kwenye jagi la kioo, tochi ya simu ikimulika shingo ya chupa kwa chini, na mstari mweusi wa mashapo ulipokaribia mdomoni akaacha. Breki alinung'unika kwamba umebaki wa vidole viwili chupani. Akaambiwa anywe yeye, akaiacha.

Rangi haikuwa nyekundu waliyoitarajia. Ilikuwa ya tofali kuukuu, na pembeni mwa glasi iling'aa kama chai ya rangi. Mhudumu alijaza theluthi tu, harufu ipate nafasi, akasema mvinyo mzee hauachwi wazi muda mrefu, huchoka upesi. Wanuse kwanza, wasiogope. Kinyozi akaingiza pua. Akapata waridi lililokauka, na nyuma yake lami ya barabara mpya, na kitu cha tatu alichokijua ila hakukikumbuka jina. Ndipo wakanywa.

Benchi likanyamaza. Mtu mmoja alipita, akasalimia, akaitikiwa kwa vichwa.

— Haya, mhudumu aliuliza. Ukoje?

Dakika alifungua mdomo, akaufunga. Breki aliiangalia glasi yake kwa muda mrefu, akakohoa, akaiangalia tena. Muuza kahawa alikuwa amefumba macho. Kinyozi alilitafuta neno, na kila alipolikaribia aliona si lenyewe. Ladha ilikuwa bado inageuka kooni, kali, kisha laini, na haikutaka kwisha.

Mkewe alimwegemea begani, akasogeza glasi mbele.

— Niongeze, alisema.