Mzee Fasaha na Siku Bomba Kuu Lilipopewa Mapumziko

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, mhariri wa matangazo wa Idara yetu ya Maji anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake kamili limo kwenye faili, lakini hapa ofisini hata mkurugenzi humwita Mzee Fasaha. Wasifu huu nimeombwa niuandike mimi, dereva wa gari la matangazo, kwa kuwa kila alichokiandika kilipita kwenye kipaza sauti changu kabla ya kuwafikia wananchi.

Alianza kama karani wa masjala, kijana mwembamba aliyevaa suruali za kaka yake. Mwandiko wake ulimpandisha cheo, na ukali wake wa lugha ukampa jina. Alisahihisha barua, kadi za harusi, hata maandishi ya ukutani. Mchora mabango wetu alikuwa akimwona tu anatokea kwenye kona, anakunja ngazi na kuondoka. Lakini mtu akifiwa, Mzee Fasaha ndiye aliyemwandikia rambirambi, na hakuna aliyeisoma bila kutoa leso.

Kisha likaja agizo la Lugha Wezeshi. Mkurugenzi alirudi kutoka semina akiwa na imani kwamba idara yetu inalaumiwa kwa sababu ya maneno makavu, si kwa sababu ya mabomba makavu. Akamkabidhi Mzee Fasaha kazi ya kutuundia lugha mpya ya ofisi. Tusifiche: aliifurahia kama mtoto aliyepewa ngoma. Neno “tatizo” lilifutwa, likawa “changamoto”. Baada ya wiki “changamoto” nayo ikaonekana inakatisha tamaa, ikawa “fursa iliyojificha”. Aliyechelewa kazini alikuwa “amewasili kwa awamu”. Choo kilichoziba kiliitwa “kituo cha faragha kilicho katika tafakuri”, na wageni wengi walipita mbele yake wakidhani ni chumba cha maombi. Mfagizi wetu alipoambiwa kuwa sasa yeye ni Mratibu wa Mandhari ya Sakafu, aliuliza kama mshahara nao umebadilika. Ulikuwa vilevile, akaendelea kufagia.

Tulicheka, tukazoea. Kichekesho kiliisha siku ile fundi mkuu alipotaka kubadilisha valvu ya bomba kuu. Maji yangekatika mji mzima tangu alfajiri hadi jioni. Mzee Fasaha alikaa na tangazo lile mchana kutwa, na mimi nikazunguka nalo mitaani: “Wanufaika wapendwa, kesho bomba kuu litajaliwa mapumziko stahiki, kwa ajili ya mtiririko wenye tija endelevu.” Watu walitupungia mikono. Muuza duka mmoja alinipa soda akisema hatimaye serikali imetukumbuka. Hakuna aliyejaza hata sufuria.

Kesho yake asubuhi aliingia ofisini mkunga wa zahanati ya jirani. Alikuwa amevaa aproni, na mkononi ana ndoo tupu. Aliiweka juu ya meza ya mapokezi, akauliza kwa sauti ya chini nani ameandika maneno ya jana.

Mzee Fasaha akasimama. “Ni mimi, dada.”

“Yana maana gani?”

“Kwamba maji yatakatika.”

“Nina kina mama wawili kwenye uchungu na sina maji ya kunawa mikono. Wewe hilo neno ‘yatakatika’ lilikukosea nini?”

Mzee Fasaha akachukua ndoo ile, akaniambia, “Washa gari.” Hakungoja kibali. Tulipita karakana, tukachukua boza la maji na dereva wake, tukaenda nalo moja kwa moja hadi zahanati, na mwenyewe akashika mpira wa maji mpaka matangi yakajaa. Viatu vyake vizuri vililowa chapachapa. Mtoto wa kwanza alizaliwa tukiwa bado uani. Mzee Fasaha alisikia kile kilio, akageukia ukuta, akatoa leso.

Tulipotoka hapo, alininyang'anya kipaza sauti. Akazunguka mji mzima akisema: “Maji yamekatika. Yatarudi jioni. Wenye wagonjwa, boza liko zahanati. Tangazo la jana niliandika mimi, na halikueleweka. Tusameheane.” Wapo waliomzomea. Aliwaitikia wote kwa heshima.

Jioni aliitwa kwa mkurugenzi, nasi tukajua amekwisha. Akaingia akiwa na soksi zake zilizolowa mkononi. Kumbe mkurugenzi mwenyewe alikuwa amepata simu ya mke wake, aliyekaa nusu siku na povu la sabuni kichwani akisubiri tija endelevu. Mazungumzo yao hatukuyasikia yote, ila mkurugenzi alisikika akisema, “Mzee wangu, tulipotea wote.” Walitoka pamoja. Asubuhi iliyofuata mkurugenzi alitukusanya akatuambia kwamba choo kimeziba na fundi anakuja. Ofisi nzima ilipiga makofi.

Tangu hapo Mzee Fasaha aliandika tena kwa Kiswahili cha wazi, na vijana waliofika baadaye wamejifunza kwake kusoma kila tangazo kwa sauti mbele ya mfagizi kabla ya kulitoa. Mfagizi akikunja uso, linarudi mezani.

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, anasema yuko tayari kumpokea nyumbani kwa sharti moja: asimsahihishie wateja.

Mzee wetu, asante kwa kazi, kwa vicheko, na kwa kukubali kosa mbele ya mji mzima wakati ungeweza kujificha nyuma ya cheo. Tunakuombea afya njema, usingizi mtamu na wajukuu watundu. Tunakupenda, na tutakukumbuka sana.