Vitu Vitatu vya Mzee Asein

Nje ya ofisi ya vifurushi mjini Naryn kuna benchi la mbao ambalo halijakosa mtu tangu theluji iyeyuke. Mama Sairagul huuza hapo chai ya maziwa na maandazi. Wateja wake wa kudumu ni Profesa, ambaye chuo alikiona siku alipokwenda kukipaka rangi; Rada, asiyepitwa na habari hata ikiwa ya uongo; na Asein, fundi bomba mstaafu, aliyetimiza miaka sitini na moja mwezi huu. Huo ni mwaka wa mzunguko unaorudi kila baada ya miaka kumi na miwili, mwaka wa hatari, na aliyeufikia hugawa vitu avipendavyo ili balaa limpite. Kwa hiyo binti yake Mairam, aliyeko Moscow, alipomtumia kwenye simu orodha ya zawadi ya familia na kumwambia aijaze, Asein hakujiuliza mara mbili. Aliandika vitu atakavyogawa: koti lake la ngozi ya kondoo, saa yake ya mkononi, na samawari ya shaba aliyochemshia chai marehemu mkewe. Watoto watatu, vitu vitatu. Wiki mbili sasa kila kitu kina alama ya kijani ya mtu aliyekichagua.

— Wanakuja, alisema Asein, akiwaonyesha simu kwa mara ya tano asubuhi hiyo. Wote. Mara ya mwisho kuwaona pamoja ni mazishi ya mama yao.

— Kijani maana yake tiketi imekatwa, alisema Rada. Nyekundu ndiyo bado.

— Nani kakwambia?

— Kwani taa za barabarani hujaziona, kaka?

— Mchagua jembe si mkulima, Profesa akatia neno.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Subiri, itaingia. Samawari kaichagua nani?

— Kenje, wa Seoul, alisema Asein. Hawezi kuwa mwingine. Alipokuwa mdogo alikuwa akijitazama ubavuni mwa samawari hiyo, anacheka mashavu yalivyovimba.

— Basi ndege hapandi nayo! alisema Profesa. Ina bomba lile, ina dohani. Watu wa uwanjani watasema kombora.

— Atakodi ndege yake, alisema Rada.

— Itue wapi?

— Uwanja wa mpira. Nasikia farasi wameshaanza kuondolewa.

Asein alicheka nao, lakini macho yalikuwa barabarani. Alishamtenga kondoo dume mwenye mkia mnene, alishapiga deki vyumba vyote viwili. Alikuwa na hamu kubwa ya kuwaona wanawe, na jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Mlango wa ofisi ulifunguliwa, akatoka Uulkan, dada anayegawa vifurushi, kakumbatia maboksi mpaka kidevuni.

— Mzee Asein! Moscow, Istanbul, Seoul. Yote yako. Tia sahihi.

Rada ndiye aliyeruka kwanza.

— Maboksi ya kufungia vitu vyako hayo! Wametanguliza maboksi, wenyewe wako nyuma!

— Dalili ya mvua ni mawingu, alisema Profesa.

Asein alikubali upesi, kwa kuwa alitaka kukubali. Akatoa kisu, akapasua la kwanza. Lilikuwa na koti jipya, jepesi, la zipu. La pili lilikuwa na saa ya kuhesabu hatua. La tatu lilikuwa na birika la umeme.

— Kipya kinyemi, alisema Profesa kwa sauti ya chini, ingawa...

Akaishia hapo.

— Wamenunua, alisema Asein. Wamedhani naomba.

— Una watoto wa maana, mzee wangu, alisema Uulkan. Wengine hata salamu hawapati.

— Binti yangu, mimi sikutaka vitu. Nilitaka waje wavichukue vyangu. Tukae, tunywe chai, kila mmoja apokee chake mkononi mwangu.

— Sasa si ungewaambia? Uliwaambia waje?

— Niliandika koti. Nikaandika saa...

— Hilo nimesikia. Nauliza, uliwaambia, wanangu njooni, nimewakumbuka?

— Mzazi haombi, Profesa akadakia.

— Sikukuuliza wewe, baba.

Profesa akamtazama Rada, Rada akaanza kutafuta kitu ndani ya bakuli lake tupu la chai. Mama Sairagul alishika birika asimmiminie mtu. Asein alikunja kisu, akakitia mfukoni. Wale watoto aliwafundisha yeye mwenyewe kuomba mkate, kuomba maji, kuomba msamaha. Simu ikalia mkononi mwake. Ni ujumbe wa Mairam, anauliza kama baba amependa. Asein akaweka kidole juu ya kioo ajibu, na neno la kwanza la kuomba hakulijua.