Karatasi ya Fundi Saa

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Asiatique, mbele ya duka la vitambaa la Hamood: ubao mmoja juu ya matofali, na Hamood mwenyewe anamimina kahawa bila kuuliza. Asubuhi ile hakuna aliyecheka. Tajudini, fundi wa magari tunayemwita Buji, alikuwa amemshtaki Massoudi, Fundi Saa wetu, mwenzetu wa ubao huu kwa miaka tisa. Miezi minne hajaonekana, na hela aliyokopeshwa na Buji imeondoka naye. Bila hela ile, mwisho wa mwezi Buji anatolewa garaji. Uwisie, yule mpeleka karatasi za tribinali, yaani mahakama, alikuwa njiani kuja kuuliza adresi ya Massoudi, anakoishi. Sisi tulijiona ndio adresi yenyewe.

GAZETI *(habari zote za mtaa huanzia kwake)*: Mi nilisikia iko Uvira. Anatengenezaka saa kule.

AVOKA *(yaani wakili; kashindwa kesi zake mbili, ndiyo maana tunamwita hivyo)*: Apana. Iko Kinanira, kwa dada yake.

BUJI: Dada gani? Hakusemaka dada.

AVOKA: Njo vile. Mficha uchi hazai.

GAZETI: Ao iko Kiriri. Kuna mukubwa mumoja, saa zake zote zilikufa. Amemufungia ndani atengeneze.

BUJI: Miezi ine?

GAZETI: Saa ni mingi.

AVOKA: Mi naona alishabadirisha jina. Sasa ni mutu ya Zambia, na paspoti. Haba na haba hujaza kibaba.

BUJI: Muache. Mi sitaki afungwe. Nataka kulipa garaji tu. Na asipoonekana?

AVOKA: Wanabandika karatasi ku mulango ya tribinali. Asipokuja, wanakata kesi bila yeye.

BUJI: Na hatajua?

AVOKA: Atajuaje?

Buji aliweka kikombe chini. Nilimpenda kwa kuuliza hivyo, maana yeye ndiye aliyekuwa anadai.

Uwisie akafika, mama mmoja, Dorothée, viatu vimejaa vumbi. Alisalimia, akafungua faili.

DOROTHÉE: Nimepita kartie tatu, mutaa kwa mutaa, hakuna anayemujua. Anakala wapi?

Gazeti alionyesha upande wa Buyenzi. Avoka alionyesha upande wa Kinama. Dorothée akawatazama wote wawili, kisha akamgeukia Buji.

DOROTHÉE: Deni ilikuwa ya nini?

BUJI: Ya kuzika muke wake. Mwaka jana.

DOROTHÉE: Pole sana. Na matanga, mulikala wapi?

Hamood aliacha kumimina. Siku ile tulimswalia marehemu msikitini, tukaenda makaburini, tukarudi hapa ubaoni pamoja na Massoudi. Tulimpa mkono wa pole vikombe mkononi. Jioni aliondoka peke yake, na hakuna aliyemsindikiza hadi kwake, wala aliyeuliza ni wapi. Niliona aibu, na ninaiona mpaka leo.

Dorothée alingoja, kalamu juu ya karatasi. Basi mama wa watu akaandika, herufi moja moja: makao hayajulikani. Akamgeuzia Buji faili atie sahihi, karatasi ikabandikwe mlangoni pa tribinali.