Darubini wa Meza ya Mwisho Anapumzisha Macho

Baada ya miaka ishirini na saba ya kutafuta buibui kwenye maua ya watu, mzee wetu Darubini anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Ofisi imeniomba niandike mimi, kwa sababu bwenini nalala kitanda cha juu yake na nimevumilia mikoromo yake miaka tisa. Sifa nyingine sina.

Darubini alianza kwa kusukuma toroli la maua hapa shambani, akapanda cheo hadi meza ya mwisho ya ukumbi wa kufungashia. Ua likimpita pale, linaingia kwenye boksi na kupanda ndege. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha buibui-kaa hasafiri bure, maana sisi wengine tulikuja huku kwa nauli zetu.

Kwa wageni waheshimiwa: buibui-kaa ni mdogo kama punje ya mahindi, na hutembea upande-upande kama kaa. Hafumi utando. Anakaa juu ya ua, amekunjua miguu ya mbele kama anayekaribisha wageni, anangoja nyuki aje kazini, anamla. Kwenye ua jeupe ni mweupe. Akihamia la njano, baada ya siku kadhaa naye ni wa njano. Siku nzima yuko mahali pazuri, hachafuki, anashiba jasho la wengine. Akifanana na ofisi yoyote, ni bahati mbaya tu.

Haya yote alitufundisha Darubini, tutake tusitake. Kila mgeni kazini alipewa somo hilo siku ya kwanza, siku ya pili, na kila wakati wa chai hadi chai ikapoa.

Sasa niseme jambo ambalo ofisi italisikia leo, kwa kuwa karatasi za kustaafu zimekwisha sainiwa. Miaka miwili iliyopita macho ya Darubini yaliingia ukungu. Buibui mweupe kwenye ua jeupe hakumwona tena. Angesema, angerudishwa kwao mikono mitupu, na binti yake wa mwisho alikuwa bado chuo cha uuguzi. Basi meza nzima ikanyamaza. Shangazi, anayesimama kando yake, akawa analitazama kila ua kwanza. Akiona buibui, teke chini ya meza, na Darubini analitupa ua kwa madaha kama bibi harusi.

"Polepole, Shangazi! Huyo ni buibui, siyo nyoka," alilalamika siku moja.

"Nikikugusa polepole, mzee, utadhani nakutaka."

Mwezi uliopita alikuja mkaguzi wa wanunuzi, akasimama katikati ya Darubini na Shangazi hasa. Teke lisingefika. Likaja ua jeupe, buibui mweupe amemkumbatia nzi. Tulimwona sote, isipokuwa mwenye kazi. Mkaguzi alikuwa anamkodolea macho yeye, siyo ua. Darubini akalisogeza hadi puani, akapunga mkono juu yake mara mbili, akaliweka pembeni.

"Hili lina mtu," akasema.

Mkaguzi alitoa kioo cha kukuzia, akatafuta, akampata. Sisi ndipo tukakumbuka kupumua. Baadaye Darubini alituambia aliona doa jeusi tu. Akalifukuza, halikuruka. Nzi asiyeruka ukimfukuza, kuna aliyemshika.

Mkaguzi alimsifu mpaka tukaona haya kwa niaba yake. Ndiyo maana leo mkurugenzi anamkabidhi ngao yenye maandishi ya dhahabu: Kwa Macho Makali. Mheshimiwa mkurugenzi, tafadhali mwekee mkononi kabisa. Ukimnyooshea tu, mtasimama hapo hadi jioni.

Asante, mzee wetu, kwa kazi, kwa masomo, hata kwa mikoromo. Binti sasa ni muuguzi, na amesema utapelekwa kwa daktari wa macho kabla hujafungua mzigo. Tunakutakia siku njema huko nyumbani, na uzione.